Nyumba Zote Alimokula Placide

"Mwizi gani anaosha sufuria?" aliuliza Clémentine, mkono mmoja kiunoni, mwingine bado umeshika kitana. Mteja wake alikuwa amebaki kwenye kiti ng'ambo ya barabara, kichwa kimesukwa nusu.

"Huyu hapa!" Mama Murielle alimnyooshea Goreth kidole. "Sombe nimeitwanga mwenyewe, nimetia mawese, nimetia makayabu, samaki wa chumvi. Nageuka kidogo, narudi, sufuria tupu! Imeoshwa, imefudikizwa, inachuruzika maji. Nafuata harufu. Harufu inanipeleka wapi? Kwa Mrundi huyu!"

Goreth alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake cha uani, kitenge mabegani kwa ajili ya baridi. Nyuma yake, juu ya jiko la mafuta ya taa, sufuria yake iliyobonyea ubavuni ilikuwa imejaa sombe hadi ukingoni.

"Ni yako, Mama Murielle," alisema. "Lete sahani nikupakulie."

"Mnasikia? Anakiri!"

"Sijaiba. Imekuja yenyewe. Ilipofika tu nikajua ni yako, maana mtaa huu hakuna mwingine anayetia chumvi hivyo."

Salum wa Tanga, mwenye spaza, duka dogo la kona, aliingiza kichwa getini akauliza kama kuna mtu ameona pilau yake. Alipoiona ile sombe alisema kwao kitu hicho kinaitwa kisamvu. Mama Murielle akamwambia kwao waite watakavyo, hapa ni sombe, na tena imeibwa. Goreth alichukua mwiko akaisogeza pembeni. Chini yake kulikuwa na pilau, imetulia mahali pake, punje hata moja haijachanganyika.

"Eish," alisema Salum. "Ndiyo yenyewe. Ngoja nikalete bakuli."

Ugomvi ukaisha hivyo, kwa kuwa chakula kilikuwa kinapoa. Jioni iliyofuata zilikuja nyumba nyingine. Kabla wiki haijakatika, jua likishuka nyuma ya uwanja wa farasi wa Turffontein, mtaa mzima ulikuwa unapanga foleni na sahani mlangoni kwa Goreth, kila mmoja akidai chakula chake. Watu walilalamika tu pale samaki alipokaa juu ya maziwa ya mtu. Watoto, wanaosemezana kwa Kizulu, waliulizana mapema nani leo amesimulia nini, wapate kujua kitakachokuwamo.

Kwa maana chakula hakikuhama bure. Clémentine ndiye aliyeling'amua jambo hilo. Alikuwa mwanamke wa kusuka na kusikiliza. Baraza lake halikukosa watu, na umbea ulioingia pale haukutoka bila kunyooshwa vizuri. Heri akose mteja kuliko kukosa mwisho wa habari. Yeye naye alikuwa akipotelewa na pilipili yake: kila jioni chupa tupu, safi, imeoshwa mpaka kizibo. Akafikiri. Kisha akakumbuka kwamba asubuhi zote hizo alikuwa akiwaambia wateja kuwa marehemu Placide aliwahi kuonja pilipili yake akalia machozi.

Placide wa Likasi hakuwahi kuonja pilipili ya Clémentine. Alikuwa ameshaondoka Johannesburg wakati Clémentine anafika. Siku aliyoacha kuisimulia habari hiyo, chupa ilibaki imejaa.

"Kumbe!" alijisemea. Akavuta kiti karibu na msemaji aliyefuata.

Huyo Placide alikuwa mwanamuziki, na jina lake lilijulikana Lubumbashi, Bujumbura, hata Brussels, ambako ndiko alikofia. Miaka ya nyuma, kabla hajawa mtu, alipitisha majira mamoja ya baridi katika mtaa huu, akilala ndani ya gereji ya Papa Ignace na gita lililopungua uzi. Alipokuwa hai walimkumbuka wachache. Habari za kifo zilipotoka kwenye simu za watu, wote wakamkumbuka. Mtu akifa na jina huacha ndugu wengi kuliko aliozaliwa nao. Mama Murielle alisema Placide alikula sombe yake akamwita mama. Salum alisema alimaliza sinia la pilau peke yake, akashushia chai. Papa Ignace, mwenyekiti wa jumuiya, ambaye ndiye aliyeikodi nyumba kubwa na kuwapangisha wengine vyumba vya uani, alisema Placide alikula mezani pake kila Jumapili, kama mwanawe wa kumzaa.

Naye Placide huko aliko akawasadiki. Kila waliposema alikula kwao, alikuja kukichukua chakula. Tofauti ni kwamba hakukila mwenyewe. Alikipeleka kwa Goreth.

"Yaya, hebu niambie," Clémentine alimwuliza Goreth, aliyemwita hivyo kama dada mkubwa, akimfumua nywele bila kuombwa. "Alikula wapi hasa, mtu huyu?"

"Hapa."

"Na wapi tena?"

Goreth aliinamisha kichwa kufuata kitana. Baridi ile ilikuwa mbaya, alisema. Watu walikuwa wakipika milango imefungwa, madirisha yameshushiwa mapazia, ili mpita njia asije akasema hodi. Placide alikuwa akipita uani anaimba kwa pua, taratibu, apate kusikika kwamba kuna mtu. Sauti za vijiko ndani zilikuwa zinanyamaza mpaka apite.

"Mimi mlango wangu ulikuwa haufungiki vizuri," alisema Goreth. "Nikamwona, akaniona. Nikamwambia karibu. Alikuja siku ile, akaja majira yote. Akimaliza alikuwa anaosha sufuria. Kwao Likasi, anayekula bila kuleta kitu ndiye anayeosha."

"Na hukusema miaka yote hii?"

"Niseme nini? Kwamba nilipika dagaa?"

Clémentine alikiacha kitana kichwani mwa mwenzake, akasimama. Alisimama kwa sababu siku hiyohiyo Papa Ignace alikuwa amemwambia Goreth atafute pa kwenda. Jumuiya ilikuwa inaandaa kibao cha ukumbusho, wageni walikuwa njiani kutoka Ubelgiji, na kilihitajika chumba cha kuwaonyesha. Gereji aliyolala Placide haikufaa. Ndani yake mlikuwa na kanisa, na mchungaji hakubali kuhama. Chumba cha Goreth kina dirisha, kinapendeza kwenye picha.

"Yaya Goreth hatoki," alisema Clémentine. "Wallahi hatoki. Mimi si Mwislamu lakini wallahi."

Alianzia kwa Mama Murielle. Alimkuta anapika sufuria mbili, moja ya nyumbani na moja ya marehemu. Mama alikuwa ameshazoea.

"Mama, nenda kwa Papa Ignace, useme mbele za watu kwamba Placide hakuwahi kula kwako. Wakisema wengi, atakuwa na haya. Na sombe yako itabaki jikoni."

Mama Murielle alikoroga polepole. "Sombe naweza kupika nyingine, binti yangu. Jina je, nitalipika na nini?"

"Jina gani? Alipita mlangoni kwako ana njaa!"

"Basi ndiyo hiyo unataka nikaitangaze?"

Kwa Salum mambo yalikuwa yaleyale, ila kwa utani. Alisema wateja siku hizi wanatoka hadi Rosettenville kununua mkate kwenye duka ambamo Placide alikula pilau. Akifuta hadithi ameua duka. "Halafu, dada, pilau si naipata? Naenda na bakuli, napakuliwa, sharp. Nilalamike nini?" Alimpa Clémentine biskuti za kumtuliza. Clémentine alizila, kisha akaendelea na nyumba inayofuata. Alikwenda zote. Alirudi amechoka, hana hata mmoja.

Alfajiri ya Jumatatu aliifunga ile sufuria ya Goreth kwa kitenge akaipeleka Marshalltown, kwenye ofisi ya mawakili wanaosaidia wakimbizi bila malipo. Wakili alikuwa msichana mpole mwenye mafua. Aliuliza kama Goreth ana mkataba wa chumba. Hana. Aliuliza kama kuna shahidi.

"Huyu hapa," alisema Clémentine, akaifungua sufuria mezani.

Walikaa wakingoja. Karibu na saa ya chakula cha mchana, pengine kwa kuwa Mama Murielle alikuwa ameanza kuwasimulia majirani, sombe ilipanda kutoka chini, moto, ikajaa mpaka katikati ikasimama. Wakili alionja kwa kijiko cha chai. Alisema chumvi imezidi kidogo. Kisha alieleza kwamba yeye binafsi haoni sababu ya kutoamini, lakini sheria ya upangaji haina kifungu cha sufuria, na hakimu atataka karatasi.

"Na kama hakimu ana njaa?" aliuliza Clémentine.

"Wana njaa wote, mama. Bado watataka karatasi."

Clémentine aliifunga tena sufuria. Njiani, kila robot, taa ya barabarani, iliyomsimamisha, alikuwa anazungumza peke yake. Alipofika kwake alisukuma kitanda ukutani, akabeba mashine za kukaushia nywele akazitoa barazani, akafagia nusu ya chumba. Kama Goreth ni lazima atoke, alisema, basi atavuka barabara tu, asiende mbali na mlango huo hata hatua moja zaidi. Na Jumapili, kibao kikizinduliwa, watu watasikia.

Jumapili hiyo jua lilikuwa kali na baridi kali vilevile. Asubuhi Salum alikisukuma kitanda cha Goreth kwa toroli la dukani. Sufuria Goreth aliibeba mwenyewe kifuani. Mkeka wake ulibaki, kwa sababu Papa Ignace aliomba ubaki. Alisema unafanana sana na ule aliolalia marehemu. Walipotoka, kamba nyekundu ilifungwa mlangoni, na ndani likaegemezwa ukutani gita jipya lenye nyuzi zote.

Wageni walifika na makoti marefu, pamoja na mwandishi wa habari. Pazia lilivutwa, kibao kikaonekana: Hapa aliishi na kula Placide wa Likasi, mwana wa kulelewa wa Papa Ignace. Watu walipiga makofi. Mama Murielle alilia kweli, kwa uchungu, kama aliyefiwa na mtoto.

Clémentine alisimama katikati ya viti.

"Papa Ignace, heshima yako. Sema mbele ya wageni hawa, nani alimlisha Placide?"

Papa Ignace alimtazama kwa huruma ya mtu mwenye kipaza sauti. "Alikula mezani pangu, binti yangu. Kila Jumapili."

Makofi yakaanza upya. Jikoni, wapishi waliokuwa na mbuzi wawili, ndizi za kukaanga na wali wa harusi walikuta masufuria yote yamefudikizwa, safi, yanachuruzika maji. Mmoja alikuja akamnong'oneza Papa Ignace sikioni. Yeye akatangaza kwamba kwaya itaimba tena.

Kwaya iliimba mpaka ikakauka. Ndipo harufu ya mbuzi ilipovuka barabara ikitokea kwa Clémentine. Wageni, ambao hawakujua ya nyuma wala ya mbele, waliinuka wakaifuata. Mtaa ukawafuata wageni, kila mtu na sahani yake. Papa Ignace alikuja wa mwisho, ndani ya suti yake ya hotuba, amekunja mikono nyuma kama anayekagua.

Goreth aliwapakulia wote kutoka katika sufuria ileile iliyobonyea. Nyumba ilijaa, wengine wakakaa kitandani, wengine barazani kwenye viti vya saluni chini ya mashine. Hakuna aliyeuliza kwa nini sufuria haipungui. Papa Ignace alipofika kizingitini alimkuta Clémentine amesimama katikati ya mlango, mikono imeshika miimo yote miwili.

"Wewe hapana, Papa. Sema kwanza."

"Niseme nini tena?"

"Nani alimlisha."

Papa Ignace aligeuka. Ng'ambo ya barabara kilikuwa kinang'aa kibao, ambacho kipo mpaka leo, na kamba nyekundu mlangoni pa chumba. Mwandishi alikuwa amemwinulia simu. Papa Ignace alinyoosha suti yake.

"Mimi," alisema.

Ndani, kifuniko kililia. Goreth alikiinua akachungulia. Zilikuwa sambusa, zile alizojifichia Papa Ignace ndani ya gari.

Clémentine alikaza miguu. Alikuwa amekwisha kuamua: atasimama hapo hata farasi wa Turffontein waote pembe.

"Mdogo wangu," Goreth alimwita kutoka ndani, "sogea, unazuia mlango."

"Yaya, umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Na sufuria imesikia. Sogea."

Clémentine aliondoa mkono mmoja, kisha, baada ya muda, wa pili. Goreth alifuta sahani kwa upindo wa kitenge, akaijaza, akaweka sambusa juu.

"Papa Ignace, karibu ndani, ule kingali cha moto," alisema. "Ukimaliza, sufuria utaosha wewe."