Kromosomu Hazichagui

Dunia imeona misiba mingi, lakini uwanja wa netiboli wa shule ile ulikuwa haujaona kama huu: Kengele kupangwa jozi na Twiga.

Kengele, wa kidato cha tatu, alipata jina hilo kwa kugonga kengele ya kuamka saa nzima kabla ya wakati wake. Bweni zima lilioga maji baridi bure. Adhabu ya walimu iliisha siku ileile. Ya wenzake ndiyo kwanza ilianza. Hakuna aliyemsemesha, hata Twiga, ambaye walikuwa naye chanda na pete. Kengele alitaka neno moja tu kutoka kwake, hata tusi.

Mwalimu wa biolojia alitandaza kamba kwa duara.

"Hii ni seli. Nyinyi wanane ni kromosomu: wanne wametoka kwa mama, wanne kwa baba. Kila mmoja asimame na wa urefu wake."

"Mwalimu, naomba nibadilishiwe," Twiga akasema.

"Kromosomu hazichagui, mama. Sogeleaneni! Haya, badilishaneni vipande."

Vipande vilikuwa kandambili. Twiga alivua moja ya kijani, akaisukuma kwa kidole gumba cha mguu. Kengele akatoa yake nyekundu kwa taadhima ya mtu anayetoa figo.

"Sasa achaneni! Mmoja huku, mmoja kule."

Kamba ikabanwa katikati, zikawa seli mbili.

"Wanne hapa, wanne pale. Idadi imekatika nusu, na kila mmoja kaondoka na kipande cha mwenzake. Mgawanyiko wa pili baada ya chakula."

Wengine wakakimbiliana kurudishiana kandambili, vicheko tele. Kengele akangoja. Atakuja tu, ataenda wapi na rangi mbili? Twiga akaenda zake bwaloni, mguu mmoja kandambili ya kijani, mwingine nyekundu, kichwa juu.

Basi Kengele akameza kiburi bila maji. Akamfuata mezani, akainama, akaiweka ile ya kijani mguuni pake.

"Nilikosea, shoga. Ile kengele."

Twiga akavaa yake, akairudisha nyekundu.

"Asante, dada," akasema, kwa sauti ileile anayomwambia nayo mpishi, kisha akageukia sahani yake.

Neno lilikuwa limepatikana. Kengele angelibadilisha kwa tusi papo hapo. Akarudi uwanjani, akaingia katika seli yake, akasimama mahali pake kuwangoja wale wenzake watatu.