Vikaratasi vya Njano vya Nathanaeli

Kompyuta ya marehemu Nathanaeli ilikuwa na adabu zake. Ukiiwasha, ilipiga kwanza mlio mtamu, kama mgeni anayebisha hodi. Mkewe Yudith aliusikia akiwa jikoni, hapo kwao Nzuguni, mwiko mkononi, akajua mzee ameshakaa kitini.

Mwaka wake wa mwisho mzee hakuwa na sauti. Saratani ilimla koo, madaktari wakaliondoa. Mikono nayo ilitetemeka hata kalamu ikamshinda. Alichobakiwa nacho ni kubonyeza herufi, moja moja. Ndani ya Windows ile ya zamani, seveni, mlikuwa na vikaratasi vya njano vya kubandika juu ya kioo. Mzee, aliyekuwa karani wa kanisa miaka thelathini, akavifanya mdomo wake. "Mbukwa, Mama Hilda," kimoja kilimsalimu mkewe kwa Kigogo. Kingine kilimchokoza: "Mlenda wa leo una chumvi. Unaniwahisha nini kaburini?"

Vilikuwa kumi na kimoja. Tangu wamzike, kila asubuhi Yudith alifagia uwanja, akanawa mikono, akawasha, akavisoma vyote, akazima.

Sasa mjukuu wake Ruthu akawa anaomba nafasi ya chuo, na kurasa za maombi zikagoma kufunguka.

"Bibi, hii imezeeka kuliko wewe," alisema. "Twende kwa Asif."

Asif alikuwa na duka la kompyuta mjini. Babu yake ndiye aliyemuuzia Nathanaeli redio ya kwanza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Mkeo, Mama Rubina, hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Sasa Bibi, hii seveni naifuta yote, naweka teni. Mafaili yenu nayahamisha kwanza. Kuna kingine cha kutunza?"

Yudith alifikiri. Barua za kanisa, picha za harusi ya binti yao Hilda, vyote vimo kwenye mafaili. Vikaratasi wala havikumjia. Kwake vilikuwa kioo chenyewe, kama rangi ilivyo mali ya mlango. Nani humwambia fundi kitasa, tafadhali usiondoke na rangi?

"Hakuna kingine, mwanangu."

Kesho yake alifagia, akanawa, akawasha. Kimya. Teni haibishi hodi. Kile kitufe cha duara kilichokuwa kinang'aa pembeni kimekuwa kidirisha bapa, na zile kingo za madirisha zilizofanana na kioo chenye mvuke zimekauka. Kwa mbio, haina mfano: kurasa za Ruthu zilifunguka kabla hujameza mate. Lakini juu ya kioo hapakuwa na njano hata tone.

Ruthu alipiga simu. Asif alipoelezwa, aliomba kuongea na Yudith.

"Bibi, vile havikai na mafaili. Vina maficho yake. Nami nimeshafuta, nimeandika juu yake. Nisamehe."

"Hukukosa, baba. Uliniuliza."

Asif akamwelekeza Ruthu, maana teni nayo ina vikaratasi. Kikafunguka kimoja, njano ileile, kitupu.

"Nitajie, Bibi, niandike."

"Niache mwenyewe."

Akavuta kiti cha mzee. Kwa kidole kimoja akaandika: Mbukwa, Mama Hilda. Kisha kile cha mlenda. Kila kimoja alikisukuma mpaka pahala pake, kwani alivijua kwa pahala kuliko kwa maneno. Ruthu alipasha chai mara mbili, ikapoa mara mbili. Vikafika tisa.

"Bado viwili. Cha pembeni kule juu, na kidogo kilichokuwa chini yake."

"Vilisemaje?"

Yudith akasogeza mshale hadi kwenye ile pembe.

"Nilivisoma kila siku, mjukuu wangu. Sikuvishika kichwani. Si vilikuwepo?"

Akafungua viwili vitupu, akavipeleka pembeni, kimoja juu, kimoja chini. Ruthu akanyoosha mkono.

"Hivi nivifute, Bibi?"

"Viache," alisema Yudith, macho hayatoki kwenye kioo. "Babu yako bado anatafuta herufi."