Swali la Mdhamini

Mpambaji alimpaka Kasuku poda kwa mara ya tatu, kisha akarudi nyuma kumtazama. Ile ya mara ya pili ilikuwa imekwisha kutiririka na jasho hadi kwenye kola ya sare.

"Binti, ukiendelea hivi utaonekana kama ukuta uliopakwa chokaa siku ya mvua."

"Samahani, dada."

"Usiniombe samahani mimi. Kamera ndiyo haisamehe."

Chumba kilikuwa na kioo kimoja kilichozungushiwa balbu, mbili kati yake zimeungua, na viti vitatu vya plastiki. Kwenye kiti cha kwanza alikaa Kasuku, nahodha, msichana wa miaka kumi na sita. Aliitwa hivyo kwa sababu ukimsomea ukurasa mara moja aliurudisha mzima, pamoja na makosa ya chapa. Cha pili alikaa Kidole, mvulana aliyebonyeza kengele ya timu. Cha tatu alikaa Ramani, aliyejua mito yote na mahali inapomwagika.

Shindano lao la maswali lilirushwa moja kwa moja kila Jumamosi alasiri, na kanuni zake zilijulikana na kila mwenye televisheni. Katika raundi za mwanzo kila mshindani alijibu swali lake. Kwenye fainali nahodha alijibu kwa niaba ya wenzake. Jibu lililohesabiwa ni lile lililokuwa kwenye kadi ya mtangazaji. Na aliyekosa swali aliondoka bila kitu kimoja kati ya vilivyotajwa katika swali hilo. Kipi, hakuna aliyeweza kujua mapema.

Kidole alikosa swali kuhusu mkataba uliotiwa saini siku ya Jumanne. Tangu hapo alilala Jumatatu na kuamka Jumatano. Mwalimu wake wa hisabati, ambaye kipindi chake kirefu kilikuwa Jumanne, alimwekea kazi zake pembeni. Ramani alikosa swali la chumvi ya bahari, na kila alichokula kikawa chapwa. Mama yake alishukuru kwamba haikuchukuliwa bahari, kwa kuwa walikuwa wamepanga kwenda kuiona. Maswali ya viungo vya mwili yalikuwa yameondolewa tangu msimu uliopita, baada ya kijana mmoja kukosa swali la figo. Wazazi wake walipewa pole na godoro.

Godoro lilitoka kwa mdhamini, kampuni iliyokuwa na kiwanda cha magodoro upande wa pili wa reli. Kila kipindi kilikuwa na swali moja la mdhamini, lenye alama nyingi kuliko mengine yote, na mwalimu wa jiografia aliyewanoa alikuwa na kauli moja juu yake: "Swali la mdhamini halijibiwi kwa akili. Linajibiwa kwa brosha." Brosha ilikuwa na picha za watu waliolala wakitabasamu. Kasuku alikuwa nayo yote kichwani.

Ukurasa wa tano ulieleza moto uliotokea kiwandani miaka miwili nyuma. Ulisema kwamba wafanyakazi wa zamu ya usiku, kwa taharuki, walisahau kuwa mlango wa nyuma upo. Mama yake Kasuku alikuwa mshonaji katika zamu hiyo. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli na vitasa. Usiku ule alikuwa amesimama getini pamoja na jamaa wengine, mtu wa kampuni alipotoka akauliza kama kuna fundi wa kufuli. Alinyoosha mkono. Lilikuwa kufuli la chuma kigumu, limefungwa kwa nje, na kulikata kulimchukua muda ambao hajawahi kuutaja.

Mlango wa chumba cha kupambia uligongwa, akaingia baba yake amevaa shati lake la kanisani. Aliufunga mlango, akasikia kitasa kinacheza, akatoa bisibisi mfukoni.

"Umekula?" aliuliza huku akikaza skrubu.

"Chakula hakipiti, Baba."

"Mwalimu anasema leo huenda wakauliza ukurasa wa tano."

"Aliniambia."

"Unaujua?"

"Neno kwa neno."

"Basi useme ulivyo." Alijaribu kitasa, akakigeuza kushoto na kulia. "Marehemu harudi kwa jibu, mwanangu. Ila anaweza kuondoka mara ya pili."

Hilo ndilo lililomtoa Kasuku jasho. Alikuwa amekwisha kulipanga swali kichwani namna litakavyoulizwa, akayapitia maneno yake moja moja kama mtu anayepapasa mifuko: wafanyakazi, zamu, usiku, mlango. Mama yake alikuwa mfanyakazi. Alichobaki nacho hakikuwa kikubwa: alivyokohoa kidogo kabla ya kucheka, harufu ya sponji mpya kwenye mikono yake, wimbo aliokuwa akiukosea ubeti wa pili. Kumkosa mara moja alikuwa amekwisha kuzoea. Kuamka siku moja asijue kwamba kuna mtu anayemkosa, hilo hakulizoea.

Kusema ukurasa wa tano pia aliogopa. Ungesikika nyumba zote, na baba yake angekuwa amekaa kwenye safu ya mbele.

Baba alipotoka, Kasuku alimgeukia Kidole.

"Ukisikia neno 'kiwanda', usibonyeze."

"Wale wengine watabonyeza."

"Wabonyeze."

"Na kombe? Na ada ya chuo?" Kidole alitazama kidole chake cha shahada, kilichokuwa na sugu. "Nahodha, labda watachukua usiku tu. Hapo hasara iko wapi? Utakuwa unasoma saa zote."

"Hebu nyamaza, wewe usiyeijua Jumanne," Ramani alisema. Kisha akamshika Kasuku mkono. "Ataliacha swali. Kidole, si utaliacha?"

"Nitaliacha," alisema Kidole. "Haki ya nani."

Studio ilikuwa ukumbi usio na dirisha, kuta zimepigwa sponji ili sauti isitoke. Mlango wake ulikuwa mmoja, mzito, na juu yake palikuwa na taa. Taa ilipowaka nyekundu, mlinzi aliufunga kwa nje ili mtu asikatize matangazo. Watazamaji walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha magodoro, walioletwa kwa basi wakitoka zamu ya asubuhi, kila mmoja amevalishwa fulana ya kampuni juu ya nguo zake. Walielekezwa wapige makofi taa ya kijani inapowaka. Katika safu ya pili alikaa Mama Pacha, jirani yao, aliyewahi kushona meza moja na mama yake Kasuku. Usiku wa moto alikuwa nyumbani akiuguza mmoja wa pacha wake.

Timu nyingine ilikuwa ya wavulana watatu waliovaa tai. Hadi swali la mwisho timu zote mbili zilikuwa sawa, na wavulana wale walikuwa wamepoteza, kwa mchana ule pekee, rangi ya zambarau na sauti ya njiwa.

"Na sasa," alisema mtangazaji, "swali la mdhamini!"

Taa ya kijani iliwaka, makofi yakapigwa, taa ikazimika. Mtangazaji alichukua kadi.

Kidole alikuwa amefundishwa kubonyeza kwenye neno la tatu. Mwalimu alikuwa amemketisha na kumsomea magazeti, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mkono ukaacha kusubiri akili. Wepesi huo ndio uliowafikisha fainali.

"Kwa nini wafanyakazi—" alianza mtangazaji, na kengele ikalia.

Kidole aliutazama mkono wake kama mtu anayemtazama mbwa wake akimng'ata mgeni. Neno "kiwanda" lilikuwa bado njiani.

"Wepesi kama umeme!" alisema mtangazaji. "Kanuni zinaniruhusu nimalize. Kwa nini wafanyakazi wa kiwanda, zamu ya usiku, hawakuutumia mlango wa nyuma moto ulipotokea? Nahodha?"

Saa ya ukutani ilianza kuhesabu. Kasuku alishika ukingo wa meza. Ukurasa wa tano ulikuja wenyewe, pamoja na koma zake, ukasimama kwenye ulimi. Alifungua kinywa ili autoe. Alikuwa ameamua. Aliwatazama watazamaji kwa sababu walifundishwa kuwatazama watazamaji wanapojibu.

Wafanyakazi hawakuwa wakimtazama. Waliposikia swali walikuwa wamegeuza shingo, safu nzima nzima, wakatazama mlango. Baadhi yao walikuwa wa zamu ile, wachache waliotolewa wakiwa hai, na hao ndio waliogeuka wa kwanza. Mwanamke mmoja mwenye kovu shingoni alikuwa amekaa kiti cha pembeni, karibu kabisa na mlango, na begi lake halikuwa limewekwa sakafuni. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kuutafuta. Walijua ulipo tangu walipoingia.

"Ulikuwa umefungwa kufuli," alisema Kasuku. "Kwa nje."

King'ora cha kosa kilikuwa kifupi.

"Pole sana, nahodha," alisema mtangazaji, na alionekana kusikitika kweli. "Kadi inasema: kwa taharuki, walisahau kwamba upo."

Taa ya kijani iliwaka. Wafanyakazi walipiga makofi kama walivyoelekezwa. Mama Pacha alipiga huku machozi yakimtoka, kamera ikamkuta, na wengi majumbani walidhani ni furaha. Wavulana wenye tai walipewa kombe na kila mmoja godoro.

Kasuku hakuyasikia hayo. Alikuwa amefumba macho akimtafuta mama yake. Alianza na kikohozi. Kilikuwepo. Akatafuta harufu ya sponji, ikawepo, na ubeti wa pili ukakosewa palepale unapokosewa siku zote. Aliirudia yote tangu mwanzo, kwa kuwa hakuamini, kisha akakaa akingoja kujua ni nini basi kilichochukuliwa.

Taa nyekundu ilizimika. Alipofumbua macho aliona watu wamepanga foleni mbele ya ukuta mtupu, na foleni inapungua. Waliukaribia ukuta mmoja mmoja, na hawakuwa tena upande huu. Ramani alimvuta mkono mpaka pale, naye akapotea, na mkono wa Kasuku ukabaki umegota kwenye sponji. Aliupapasa ukuta kutoka kona hadi kona. Alianza kupumua kwa kasi. Ukumbi ulikuwa unakuwa mtupu na taa za juu zilikuwa zinazimwa moja baada ya nyingine.

"Baba!"

"Nipo."

"Umetokea wapi?"

"Mlangoni." Baba yake alimtazama, akautazama mlango, akaelewa. Alitoa bisibisi.

"Mzee," alisema mlinzi, "mlango huo wa watu."

"Nitaurudisha."

Alifungua bawaba ya juu, kisha ya chini, wakaubeba pamoja na mlinzi na kuuegemeza pembeni. Ukuta ulipasuka mbele ya Kasuku ukawa nafasi, na ng'ambo yake palikuwa na korido ndefu, ndoo ya kupigia deki, na Kidole amechuchumaa akilia. Alipita. Baba aliurudisha mlango mahali pake, akaujaribu mara mbili kuona kama haulii, akamshukuru mlinzi.

Jioni hiyohiyo alitoa milango yote ya nyumbani, akaiweka darini, akatundika mapazia. Mtu akimwuliza alijibu kwamba binti yake alikosa swali, na aliyeuliza alielewa. Mama Pacha alikuwa wa kwanza mtaani kumwita aje atoe na wake. "Mtoto ana mazoea ya kuja kwangu," alisema. "Aje apigane na ukuta?" Kabla ya mwezi kwisha nyumba nyingi za mtaa ule zilikuwa na mapazia. Shule ilikubali kutoa mlango wa darasa moja na wa choo kimoja. Wezi walilalamika kwamba kazi imekosa utamu.

Pale ambapo milango ilibaki, Kasuku alingoja nje. Hofu haikumwisha. Kila alipoingia mahali aligeuka mara moja kuangalia kama nafasi aliyopitia ingali ipo.

Msimu uliofuata swali la mdhamini liliulizwa tena. Wasichana wawili na mvulana mmoja walijibu kama kadi, wakachukua kombe. Mwalimu wa jiografia ndiye aliyewanoa.

Siku moja jua likielekea kuzama, Mama Pacha alisahau miwani yake ya kushonea, na Kasuku akatumwa ampelekee pamoja na baba yake. Zamu ya usiku ilikuwa imekwisha kuingia. Getini hapakuwa na mtu, wakazunguka nyuma ya kiwanda kipya, kilichojengwa juu ya msingi uleule. Ukuta ulikuwa mrefu, umepakwa rangi ya maziwa. Kasuku aliweka kiganja juu yake. Ulikuwa na joto na ulitikisika kwa cherehani za ndani.

Aligonga. Cherehani moja ilinyamaza.

"Nani huko?"

"Mimi, Mama Pacha. Shikamoo. Nimekuletea miwani."

"Marahaba, mwanangu. Zunguka mbele, umpe mlinzi." Sauti ilikuwa karibu sana, kama ya mtu aliyeegemeza mdomo kwenye ubao. "Huku hakuna mlango."

Kasuku alimgeukia baba yake. Fundi alikuwa amesimama akitazama kitu kilicho usawa wa kifua chake, mahali ambapo binti yake aliona rangi ya maziwa tu. Alikiinua kwa vidole viwili, akakipima uzito. Kilikuwa kipya, na kikubwa kuliko kile alichokikata usiku wa moto. Alikishusha polepole ili kisigonge chuma.

"Ni kweli," alisema. "Hakuna. Tuzunguke."