Mlango wa Dale Tvedt

Pikapu ilitoka kwenye kontena bandarini Göteborg ikiwa na kiota cha panya ndani ya kiti, na nusu ya sakafu imeliwa na kutu. Niliipakia kwenye trela nikaivuta siku nzima hadi kwetu kando ya ziwa Siljan. Jirani hakuinua hata shingo. Huku mkoani kwetu Dalarna, ukifungua ghala lolote la nyasi utakuta gari kuukuu, Mmarekani wa chuma, amelala humo akisubiri kufufuliwa.

Naitwa Torgny. Nilikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha karatasi kwa miaka thelathini na mmoja, na nilipostaafu mke wangu Majlis alinipa ghala zima, mradi nisiingie jikoni na mikono ya grisi. Gari lilikuwa Chevrolet ya mwaka hamsini na tatu, ya kijani iliyopaukia kuwa kama majani makavu. Kwenye mlango wa dereva yalikuwepo maandishi meupe, yamefifia, yamepinda kidogo kama mtu anayepanda mlima: jina la mkulima, Orval Tvedt, kisha maneno "na Mwanawe", na chini yake jina la mji wao, Varnell, Dakota Kaskazini, kule Marekani.

Mimi mwenyewe ndiye niliyemtafuta mwenye jina hilo. Hakuna aliyenituma. Nilitaka hadithi ya kubandika kwenye ubao mbele ya gari siku ya maonyesho ya magari ya zamani, kwa hiyo nikapiga picha ya mlango nikaiweka kwenye mtandao. Wiki tatu baadaye nikaandikiwa na mwanamke anayeitwa Lorraine, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja. Orval alikuwa baba yake. Maandishi yale, alisema, yaliandikwa na kaka yake Dale akiwa na miaka kumi na minne. Mwisho wa barua aliandika: "Nakuomba jambo moja tu. Mengine yote fanya upendavyo, lakini usiyaguse maandishi ya Dale."

Nikamjibu siku hiyohiyo. "Hayataguswa. Nakuahidi."

Baridi yote ile nilifanya kazi. Nilikata sakafu nikachomelea nyingine, nikafungua injini hadi nati ya mwisho, nikapiga bodi rangi ya kijani ile iliyotoka nayo kiwandani. Ilipofika mwezi wa Mei, gari lilikuwa linang'aa hata unaweza kunyoa ndevu mbele yake. Isipokuwa mlango ule mmoja.

Jumamosi moja wenzangu wa klabu ya magari ya zamani walikuja kunywa kahawa ghalani. Mwenyekiti wetu Conny, mtu wa tumbo kubwa na ulimi mrefu zaidi, alilizunguka gari mara mbili, akasimama upande wa dereva.

"Torgny, ndugu yangu," akasema, "gari limevaa suti ya harusi, lakini mkono mmoja bado uko kwenye nguo za kulalia."

Wakacheka wote. Mimi nikacheka kuliko wao.

Jumatatu Majlis alikwenda kazini kwenye duka la dawa. Nikabaki nimesimama mbele ya mlango na kikombe mkononi. Nilijiambia kwamba bibi yule yuko ng'ambo ya bahari na hataliona gari hili maisha yake yote. Nilijiambia kwamba picha ninazo, na picha inatosha. Kisha nikachomeka mashine ya msasa. Ilichukua dakika ishirini. Nitasema kweli yote, kwa kuwa ndiyo inayonisumbua hadi leo: nilifurahia. Bati lilitoka safi, jeupe, na nilipolipapasa kwa kiganja nilijisikia fundi.

Kufikia Ijumaa mlango ulikuwa umekauka, wa kijani, bila doa. Majlis aliuona aliporudi kazini.

"Ulimwahidi," akasema.

"Hatajua."

"Sikukuuliza kama atajua."

Wiki mbili baadaye ikaja barua. Lorraine alikuwa amekata tiketi ya ndege. Hakuwahi kutoka nje ya nchi yake, aliandika, lakini daktari amemwambia moyo wake si wa kungojea mwaka mwingine, na alitaka kuuona mlango ule. Angefika Julai, wiki ya maonyesho.

"Sasa mwandikie," Majlis aliniambia. "Leo. Kabla hajapakia sanduku."

Niliketi mbele ya kompyuta jioni tatu. Jioni ya nne nikaenda kwa Hilding.

Hilding ni kaka yake Majlis, mzee wa miaka sabini na minane, aliyeandika majina ya maduka kwa brashi tangu ujana wake, enzi ambazo duka lilikuwa na mwandishi wake kama vile mtu alivyo na kinyozi wake. Nikamwekea zile picha mezani. Akazitazama, akasukuma miwani juu ya paji la uso.

"Unataka niandike kama mtoto wa miaka kumi na minne."

"Kama alivyoandika yeye. Kisha tuyachakaze kidogo, yaonekane ya zamani."

"Hiyo siyo kazi ya brashi, Torgny. Huko ni kughushi sahihi ya mtu."

"Bibi mwenye moyo mbovu anavuka bahari, Hilding. Nimwambie nini?"

"Mwambie ulichofanya. Una mdomo, wa nini huo, wa viazi na samaki tu?"

Hilding akazirudia picha moja moja. Mwisho akasema, "Nitaandika kwa ajili yake, si kwa ajili yako. Na usithubutu kunishukuru."

Alifanya kazi siku mbili, mkono wa kulia umeegemea fimbo ili usitetemeke. Alipomaliza, akafifisha maandishi kwa msasa laini na nta, akaupaka mlango mzima kijani kilichopauka kuyazunguka, nami nikabaki mdomo wazi. Usingeweza kuyatofautisha na ya kwanza. Hilding akaosha brashi zake akaondoka bila kuaga.

Lorraine alishuka kwenye treni na sanduku dogo la bluu, mwanamke mwembamba mwenye nywele zilizokatwa fupi kama za mvulana. Alimkumbatia Majlis kama dada yake. Mimi alinishika mikono yote miwili. "Kumbe ndiwe uliyemtunza," akasema.

Tulikunywa kahawa na mikate ya mdalasini, Kiingereza changu kikichechemea, na hapo ndipo alipotueleza jambo ambalo hakuliandika kwenye barua. Mwaka uleule Dale alipoandika mlango, wakati wa mavuno, trekta lilimpindukia kwenye mtaro. Alikufa kabla ya baba yake kufika. Orval aliendesha pikapu ile miaka mingi baada ya hapo na maneno "na Mwanawe" yakiwa mlangoni, na hakuruhusu mtu kuyaosha hata kwa brashi ngumu.

"Nyumba iliungua mwaka wa sabini," Lorraine alisema. "Madaftari yake ya shule, barua, vyote. Hakuna mwandiko mwingine wa Dale uliobaki duniani."

Majlis aliinuka akaenda kusimama kwenye sinki, mgongo kwetu, akafungua maji ambayo hakuyahitaji.

Tukaenda ghalani. Lorraine alisimama mbali kwanza, mkono mdomoni. Kisha akasogea, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza akaifuata taratibu, kama mtoto anayejifunza kusoma. Alipofika kwenye jina Tvedt, kidole kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikapapasa tena.

"Palikuwa na unywele hapa," akasema. "Brashi aliitengeneza kwa mkia wa farasi wetu. Unywele mmoja uligandia kwenye rangi, ndani ya herufi D. Sote tulikuwa tunaugusa kila tukipanda gari."

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Nimerudi hapo mara nyingi tangu siku ile.

"Labda ulidondoka safarini," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. "Miaka mingi," akasema, kana kwamba ananiomba radhi, akaegemeza paji la uso kwenye bati. Nikatoka nje nikasimama nyuma ya ghala.

Siku ya maonyesho tulikwenda naye mjini, yeye ameketi kando yangu na skafu ya mama yake kichwani. Magari ya Marekani yalijaa barabara nzima mpaka ufukweni, vijana wakiimba juu ya viti, watoto wakila aiskrimu kwenye mabampa. Watu walilizunguka letu. Lorraine alisimama mlangoni akawasimulia mmoja mmoja habari za Dale, na kila aliyesimuliwa alivua kofia. Mwandishi wa gazeti la wilaya akampiga picha, kidole chake kikiwa kwenye neno "Mwanawe".

Saa tisa alasiri Conny akapanda jukwaani, akatangaza kombe la gari lililorejeshwa kwa heshima kuliko yote.

"Mimi nilimcheka fundi huyu kwa ajili ya mlango wake," akasema kwenye kipaza sauti. "Leo namwomba msamaha mbele yenu. Angeweza kuupiga rangi, na hakuupiga. Huyu ni muungwana. Torgny, njoo!"

Nilikwenda. Miguu ilikwenda, mimi sijui nilikuwa wapi. Lorraine alikuwa mstari wa mbele, akipiga makofi huku analia.

Tulirudi kwa njia ya mashambani. Kombe lilikuwa limelala kitini kati yetu, likigongagonga kila kwenye shimo. Nikapita nyumba mbili, tatu, kisha nikasimama kando ya shamba la nyasi zilizokatwa, nikazima injini.

"Lorraine," nikasema, "maandishi yale si ya Dale. Niliyafuta. Aliyeandika haya ni shemeji yangu."

Alinitazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri. "Lini?"

"Mwezi wa Mei."

"Ulikuwa umeshasoma barua yangu."

"Nilikuwa nimeshaisoma. Na nilikuwa nimeshakuahidi."

"Na ule unywele?"

"Nilikudanganya."

Akafungua mlango wake, akashuka, akaanza kutembea barabarani na viatu vyake vya sherehe. Nikashuka nikamfuata nikimwita. Hakugeuka. Nikarudi garini, nikamfuata polepole kwa gia ya kwanza. Nyuma yetu yakaja magari mengine yanayotoka maonyeshoni. Waliona pikapu ya zamani ikitambaa na bibi mwenye skafu akitembea mbele yake, wakadhani ni maandamano. Wakapiga honi, wakapunga mikono, kijana mmoja akamrushia ua. Lorraine hakutazama kulia wala kushoto. Nadhani tulikwenda hivyo kilomita mbili. Nikampigia simu Majlis, akaja na gari letu dogo akamchukua, na aliponipita dirishani hakunitazama.

Usiku ule Lorraine alilala chumba cha wageni, na asubuhi akanywa kahawa na Majlis huku mimi nikiwa nje. Majlis ndiye aliyempeleka kituoni. Nilisimama uani. Lorraine alipopita na sanduku lake akasimama hatua chache kutoka kwangu.

"Ungeniambia kabla sijaugusa," akasema. "Ningelia, halafu ningekuja tu. Ningekuja kukiona hata chuma chenyewe. Lakini umeniacha nimlilie kaka yangu kwenye mkono wa mtu mwingine."

Akaingia garini.

Kombe nilimrudishia Conny wiki hiyohiyo, nikamweleza yote mezani kwake. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikosa mzaha. Hilding naye nilikwenda kumwomba radhi kwa kuutia mkono wake kwenye jambo lile. Akasema, "Mkono ni wangu, niliupeleka mwenyewe," kisha akanifungia mlango, si kwa hasira, kwa uchovu tu.

Nilimwandikia Lorraine barua ya karatasi. Sikujitetea. Nilimwambia kwamba mlango ni wake akiutaka, ukiwa na maandishi au umesafishwa hadi bati, kwa kuwa bati lenyewe ni lile ambalo Dale aliliegemea akiandika. Ilipita miezi mitatu. Theluji ilikuwa imeshaanguka jibu lilipokuja, mstari mmoja: "Tuma. Wa bati tupu."

Niliondoa rangi kwa mkono, bila mashine, siku nne. Nikaufunga kwa blanketi la sufu na mbao nikautuma. Baadaye nikapata taarifa kwamba umepokewa, na sahihi ya Lorraine chini yake. Hakuna zaidi. Sijui kama ameutundika ukutani, au umeegemezwa gereji nyuma ya ngazi. Sina haki ya kuuliza.

Mwaka uliofuata nilipata mlango mwingine kwa mtu wa mkoa wa Värmland, wa kijivu, kutoka gari lililokufa. Niliufunga kwenye gari hivyohivyo, bila kuupaka rangi. Kiangazi, gari likiwa limeegeshwa ufukweni, kijana mmoja na mchumba wake walisimama wakacheka.

"Mzee, rangi ilikuishia?"

Majlis, aliyeketi kwenye kiti cha kukunja akifuma soksi, aliacha kufuma akanitazama.

"Hapana," nikamwambia kijana. "Kaa kidogo, nikueleze nilichofanya." Nikaanza na barua ya kwanza ya Lorraine, na ahadi yangu.