Usingizi Kwenye Vilima

Wadogo zangu walinilipia matembezi ya nusu siku kwenye vilima vilivyo nje ya mji, mimi na mwongozaji peke yetu. Walitaka nipumzike. Asubuhi hiyo nilitoka wodini, zamu ya usiku, nikapanda gari la mwongozaji nikiwa bado na viatu vya kazi.

"Dada, kule juu utauona mji wote," alisema.

"Mji nimeuona, kaka. Ndio unaonichosha."

Akacheka. Tulipanda polepole. Kila aliponionyesha ndege niliitikia tu, macho mazito. Nilimwomba Mungu anifikishe juu, kwa kuwa wadogo zangu walisubiri picha ya kileleni, na sikutaka kuwavunja moyo. Tulipofika penye jiwe pana, miguu ikagoma.

"Nijinyooshe kidogo tu," nilisema.

Akanitandikia koti lake. "Wageni wote husema wamefuata utulivu, halafu wanaongea njia nzima. Lala, dada."

Nilipoamka jua lilikuwa limeinama, na muda wetu umekwisha. Akanipiga picha palepale, majani kichwani. Nikaituma ilivyo, nikaeleza kwamba sikufika.

Kitinda mimba wetu akajibu: "Hiyo ndiyo sura yako, dada. Tulikuwa tumeisahau."