Asilimia Tano za Dokta Catchpole

Kila Jumanne Dokta Thora Catchpole, mtaalamu wa tabianchi, alikunywa chai ya maziwa kisha akaandika kwenye blogu yake, ili wanakijiji wenzake wa Holmby, pwani ya mashariki ya Uingereza, waelewe kwa nini ufuo wao unaliwa na bahari. Na kila aliyeifungua blogu hiyo, maji ya bahari yalichuruzika kutoka kwenye kioo cha kompyuta yake hadi zuliani.

Watu walizoea, wakaweka mabeseni. Kasisi alipata kaa wawili juu ya meza, akawachemsha, akawala na siagi, kisha akaacha maoni kwamba makala ilikuwa ndefu mno. Wengine waliandika kwamba bahari haijapanda hata inchi moja, huku wamevaa mabuti ya mpira ndani ya nyumba. Sikio la kufa halisikii dawa, na la Holmby lilikwisha kuzikwa.

Aliyemkosesha Thora usingizi ni mdogo wake, Merle, aliyetaka kununua nyumba mpya palepale ufuoni. Hasa aliandika kwa ajili yake. Lakini wanasayansi nao wana ugonjwa wao. Moyo ulipiga kelele, mkono ukaandika kwamba kuna uwezekano wa asilimia tisini na tano bahari kuzifikia nyumba za ufuoni. Alijua ile tano iliyobaki itamponza Merle, na hakuifuta, kwa kuwa wanasayansi wenzake wangemcheka.

Merle alikuja, suruali ameikunja.

"Nimeisoma, Dada. Zulia lote limeharibika."

"Basi usinunue, nakusihi."

"Si mwenyewe umesema kuna asilimia tano?"

"Hiyo ni namna yetu tu ya kusema, Merle. Bahari inakuja."

"Sasa si ungeandika hivyo?"

Thora alichukua birika. Akammiminia chai.

Merle aliinunua nyumba, akahamia. Thora alipomtembelea na keki, bahari ilikuwa imetulia sebuleni, imefunika makochi. Mdogo wake alikuwa ameketi juu ya kabati la vyombo, anafuma sweta.

"Panda, Dada. Hapa ndipo kwenye ile tano yako."

Thora alipima kwa jicho sehemu iliyobaki kavu, akaona hesabu haikukosea sana. Akapanda, wakala keki.

Jumanne iliyofuata aliandika asilimia tisini na sita. Maoni ya kwanza yalitoka kwa Merle.

"Bado nne," aliandika.