Plagi ya Meno Manne

Nepi zilikuwa zimeiteka nyumba. Mvua ilikuwa siku yake ya sita, pacha walikuwa na wiki tano, na mashine ya kukaushia nguo ilikaa bubu chumba cha kufulia, kwa sababu plagi yake ilikuwa na meno matatu, na soketi ya nyumba hii waliyohamia ilikuwa na matundu manne.

"Tumsubiri fundi, mama," alisema mkamwana, pacha mmoja begani, mwingine ananyonya. "Amesema Jumatatu."

"Jumatatu ipi, mwanangu? Hata iliyopita alisema hivyo hivyo."

Mama mkwe huyu, watu walimwita Bi Pasi. Miaka thelathini alinyoosha mashuka kwenye kiwanda cha dobi. Mashine ilipogoma, fundi aliitwa, na wanawake wa pasi wakaambiwa wasogee. Bi Pasi alisogea, ila macho hayakubanduka kwenye migongo ya mashine zile. Leo mashine ni ya kwake, na wa kumwambia asogee hayupo.

Alirudi kutoka dukani ameloa chapachapa, waya mpya wenye plagi ya meno manne kaukumbatia kama mjukuu wa tatu. Muuza vifaa vya umeme alikuwa amemchorea kila hatua juu ya boksi. Akazima swichi ya soketi ile kwenye kisanduku cha umeme, akaivuta mashine kutoka ukutani, akafungua kifuniko cha nyuma. Moyo ulimdunda kama wa bi harusi.

"Nisomee hilo boksi."

"Waya mweupe katikati," mkamwana akasoma. "Mweusi na mwekundu pembeni, huku na huku. Wa kijani kwenye mwili wa mashine."

Bi Pasi alitoa waya wa zamani, akafunga mpya, skrubu moja baada ya nyingine, ulimi nje. Akabana kibanio kinachoushika waya usivutike. Alikuwa anarudisha kifuniko, mbio mbio, aliposikia:

"Mama, ngoja. Hapa kuna kitu kama utepe. Muuzaji kaandika utolewe, kapiga mistari miwili chini yake."

Bi Pasi akachungulia. Kweli, kipande chembamba cha bati kilitoka skrubu ya kati hadi kwenye mwili wa mashine. Kwa waya wa meno manne, kipande kile kingeweza kuleta umeme kwenye mwili wa mashine, ambao mkono wa mkamwana ungeugusa kila siku.

"Umetuokoa," alisema taratibu. Akakitoa, akakaza skrubu zote upya, na safari hii mkamwana alikagua kila rangi kabla kifuniko hakijarudi.

Wakachomeka plagi, wakajaza nepi. Bi Pasi akawasha swichi, akarudi anakimbia, yeye na magoti yake mabovu, akabonyeza kitufe.

Pipa likaguna, likazunguka. Wakasimama mbele ya kioo cha mlango wake wakitazama nepi zikipinduka, hakuna aliyetaka kuondoka. Ya kwanza ilipotoka, mkamwana aliibandika shavuni, imekauka, ya moto, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Bi Pasi alikuwa tayari kwenye simu na mwanawe.

"Mama, niko kikaoni."

"Ndiyo, baba, nitakuwa mfupi. Sasa, kuna skrubu tatu nyuma. Tuanze na ya kati."